Ovechkin na kijiwe chake: siku nne kutoka Washington hadi Elmont

Ijumaa, 4 Aprili 2025. Washington

Leo nafunga Sita. Tende zangu tatu nimeziweka pale pa kuwekea kikombe, kando ya gia, na kila nikitaka kubadili stesheni ya redio mkono unazigusa. Saa kumi na mbili na nusu jioni nimepaki Mtaa wa F, hatua chache kutoka mlango wa uwanja wa Capital One Arena. Siti ya mbele amekaa mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyekuja kutoka Nairobi kututembelea kwa wiki mbili. Ana miaka kumi na tisa. Ikulu hakutaka kuiona, maua ya micheri aliyapita kama anapita majani ya mgomba. Anataka hoki ya barafu.

Yeye huteleza pale Panari, ile hoteli ya Barabara ya Mombasa yenye uwanja wa barafu ndani, ambako Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, hufanya mazoezi. Mimi nimekulia Tanga. Barafu nilizozijua ni zile za ubuyu, za kufungwa kwenye kifuko cha nailoni na kunyonywa kwa pembe.

"Mjomba, kwa hiyo miaka ishirini mjini hapa hujaingia humo ndani hata siku moja?"

"Nimewashusha watu mlangoni mpaka nimechoka kuhesabu."

"Kushusha si kuingia."

Kweli. Na hata leo tuko nje kwa sababu tiketi mbili tulizodhani tumezipata kwa mtu mmoja mtandaoni zimeyeyuka pamoja na huyo mtu. Pesa si nyingi, ila kijana aliona aibu mpaka akakataa chakula cha mchana, akasingizia kwamba anafunga na mimi.

Alexander Ovechkin, nahodha wa Capitals, timu ya hoki ya Washington, na mimi tuliingia mji huu vuli moja, mwaka 2005. Yeye alikuja na jina, mimi na sanduku. Tarehe 5 Oktoba alicheza mechi yake ya kwanza ya NHL, ligi kuu ya hoki ya huku, dhidi ya Columbus, hapa hapa. Dakika ya kwanza tu alimbamiza mtu ukutani hadi kioo cha uzio kikaachia, mechi ikasimama fundi akifunga, kisha akafunga mabao mawili na Washington wakashinda 3-2. Mimi usiku huo nilikuwa naosha masufuria ya hoteli. Teksi niliipata mwaka uliofuata, enzi ambazo teksi za mji huu hazikuwa na mita. Tulitoza kwa kanda, na abiria mgeni hakosi kukuona mwizi. Mita zililetwa 2008.

Wa kwanza kunitajia jina lake alikuwa mzee mmoja mwenye fulana nyekundu, kipindi bado nabebwa na rafiki yangu dereva ili nijifunze njia. Ilikuwa Januari 2006. Mzee akasema kuna kijana wa Kirusi kafunga jana kule Arizona akiwa amelala chali. Nikadhani kalewa. Baadaye niliiona ile picha: kaangushwa, anateleza kwa mgongo, kalipa goli kisogo, na kwa mkono mmoja anaivuta paki, kile kisahani cha raba wanachokigombania, ikaingia. Kocha wa timu iliyofungwa alikuwa Wayne Gretzky mwenyewe, na kamera zilimnasa ameinua macho kutazama marudio kwenye skrini kubwa.

Huyo Gretzky ndiye sababu ya foleni ya leo. Alistaafu 1999 akiwa na mabao 894, na watu wakaandika kwamba hatafikiwa na mtu. Asubuhi ya leo Ovechkin ana 892.

Mechi, dhidi ya Chicago, inaanza saa moja. Redio ina kawaida ya kuchelewa sekunde kadhaa, jambo ambalo sikuwahi kulijali mpaka leo: dakika ya nne ya mchezo kelele zimetoka ukutani, zimetikisa vioo vya gari, na mtangazaji bado anaeleza paki iko katikati ya uwanja. Mpwa wangu akanitazama. Tukakaa kimya kama watu wanaosubiri radi baada ya kuona umeme. Halafu mtangazaji naye akapasuka. 893.

Maghrib ikaingia, nikafungulia hapo hapo kwenye usukani. Kipindi cha tatu, Chicago wakiwa pungufu mtu mmoja, ukuta ukaunguruma tena kabla ya redio. 894. Wamelingana.

Abiria wa kwanza kutoka alikuwa mwanamke na binti yake, wanaelekea Silver Spring. Sauti imemkauka. Ndiye aliyetuhadithia kwamba mwishoni Chicago walimtoa kipa ili waongeze mshambuliaji, goli likabaki wazi, uwanja mzima ukapiga kelele Ovechkin aingie amalizie. Hakuingia. Hakutaka bao la rekodi liwe la goli lisilo na kipa. Gretzky alikuwa jukwaani, kaja kwa ajili hiyo, na jamaa kakaa benchi.

Nilipomshusha nikamwambia mpwa wangu: "Jumapili wanacheza wapi?"

Alishajua. "New York, Mjomba. Saa sita na nusu mchana."

Jumamosi, 5 Aprili. Treni

Bei ya tiketi sitaitaja, mke wangu husoma ninayoandika. Nauli ya treni anaijua. Gari nimeliacha nyumbani kwa makusudi. Nikiendesha nahesabu mafuta, na mara moja moja mtu anatakiwa kuketi abiria.

Stesheni ya Union Station ilikuwa na mito miwili ya watu: sisi tunaotoka, na waandamanaji wa kumpinga Rais Trump wanaoingia na mabango ya Hands Off, maelfu yao, wanaelekea kwenye mnara wa Washington. Tukapita ubavuni mwao na chapati zetu.

Kuanzia Baltimore mpaka Wilmington kijana alinihoji. Yeye ni mtu wa Sidney Crosby, yule Mkanada wa timu ya Pittsburgh, kwa sababu mwaka 2018 Ice Lions walipelekwa Kanada na Crosby akavaa jezi yao akacheza nao. Mtu akikuchezea jezi yako, huyo ni wako. Crosby na Ovechkin waliingia ligi msimu mmoja, na tangu hapo watu wamegawanyika kama Simba na Yanga. Msimu huo wa kwanza Mrusi alifunga mabao 52 akabeba tuzo ya mchezaji mpya bora, Crosby akiwa wa pili. Nikampa hiyo akaguna, akageukia dirishani. Tulikuwa tunavuka daraja la Susquehanna, maji mapana, boti nyeupe zimelala.

Mimi kilichonivuta kwa Ovechkin ni baba yake. Mama anajulikana zaidi: Tatyana, mchezaji wa kikapu wa Umoja wa Kisovieti, dhahabu mbili za Olimpiki, Montreal 1976 na Moscow 1980. Namba 8 mgongoni mwa mtoto ni ya mama. Lakini baba, Mikhail, alicheza mpira wa miguu mpaka akaumia, kisha akaendesha teksi Moscow. Siku abiria aliponiambia hivyo niliegemea usukani nikacheka peke yangu. Mtu aliyelipwa dola milioni 124 kwa mkataba mmoja wa miaka 13, ule wa 2008, kalelewa na dereva wa teksi. Mikhail alifariki Februari 2023. Niliisikia kwenye redio nikiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege wa Dulles, nikamwombea kimoyomoyo, bila kumjua, kwa ajili ya kazi tu.

Kaka mkubwa wa Ovechkin, Sergei, ndiye aliyemwingiza kwenye hoki. Alifariki baada ya ajali ya gari Ovechkin akiwa na miaka kumi. Ovechkin mtoto wake wa kwanza amempa jina hilo.

Akiwa na miaka 16 tu alikuwa anacheza na watu wazima, Dynamo Moscow. Mwaka 2004 Washington wakamchagua wa kwanza kuliko vijana wote duniani, Evgeni Malkin akifuata. Kisha wenye timu na wachezaji wakagombana kuhusu mishahara, msimu mzima wa 2004-05 ukafutwa. Akabaki Dynamo, akatwaa nao ubingwa wa Urusi, ndipo akaja. Kwa hiyo nami kuja 2005 sikuchelewa, tulisubiriana.

Karibu na Philadelphia mpwa wangu akauliza lile nililojua litakuja.

"Lakini Mjomba, huyu si rafiki wa Putin?"

Picha wanazo. Mwaka 2017 aliunda kundi la kumpigia debe Putin, akaliita Putin Team. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 alisimama mbele ya waandishi akasema tafadhali vita basi, lakini hakumtaja mtu, na picha yake na Putin iliendelea kukaa kwenye ukurasa wake. Majira yale nilimchukua mama mmoja kutoka Georgetown, lafudhi ya mashariki ya Ulaya. Redio inasoma matokeo ya Capitals. Akasema kwa upole nizime. Nikazima. Tulipofika akaniambia anatoka Kharkiv, Ukraine, akaongeza dola tano, akashuka. Tangu hapo nikiwa na abiria nisiyemjua namuuliza kabla ya kufungulia mechi.

Sikuwa na jibu lingine la kumpa kijana zaidi ya hilo. Alilisikiliza, akala chapati.

New York tulipokewa na rafiki yangu Mzanzibari anayeishi Jamaica, kule Queens. Biriani ilikuwa kubwa kuliko meza. Hoki haijui hata kidogo, alidhani tunakwenda kuona mashindano ya farasi, kwa kuwa Elmont yeye anaijua kwa uwanja wa farasi wa Belmont. Hakukosea sana: viko jirani.

Jumapili, 6 Aprili. Elmont

Kutoka Jamaica ni vituo vichache tu kwa treni ya Long Island. Behewa zima jekundu. Hii ni nyumba ya Islanders, rangi zao bluu na chungwa, lakini ukitazama migongo ya watu ni namba 8, namba 8, namba 8, mpaka mtoto mchanga kwenye mbeleko. Bibi mmoja alikuwa na jezi iliyofifia, bado ina rangi za samawati na shaba za Washington ya zamani, kabla hawajarudi kwenye wekundu. Nikajua huyo ni wa tangu mwanzo, wa enzi za mashabiki wachache na kimya.

Uwanja wa UBS Arena ulifunguliwa mwishoni mwa 2021. Nilipovuka mlango, kitu cha kwanza ni baridi ya miguuni. Inatoka chini, inapanda kwa suruali. Cha pili ni sauti. Kwenye televisheni hoki ni kelele za watu. Ukiwa ndani, wakati wa kupasha moto, unasikia vyuma vikikata barafu, kama mtu anakwangua ukoko wa ubwabwa kwenye sufuria kubwa, na paki ikigonga ubao: pwaa! Siti zetu juu kabisa, karibu na paa, upande ambao Washington wangeshambulia kipindi cha pili. Kijana alizichagua kwa hesabu.

"Kule," akanionyesha duara jekundu, mkono wa kushoto wa anayeshambulia. "Kule ndiko anakopigia."

Mashabiki wanapaita ofisini kwake. Mimi nilipotazama nikaona kijiwe.

Nieleze. Mchezaji akicheza rafu hutolewa dakika mbili na timu yake hubaki pungufu. Hapo Washington hupanga watu wao, wanne wanazunguka, wanapasiana, wanababaisha. Ovechkin hazunguki. Anakwenda kwenye duara lake, anapiga goti moja kidogo, anainua gongo nyuma na kungoja. Miaka ishirini, duara lile lile. Kipa anajua, mabeki wanajua, muuza bia anajua. Dereva anayekijua kijiwe chake hafukuzii abiria mji mzima. Anajua treni ya saa ngapi inashusha nani. Ana miaka 39 na nywele zina mvi, wenzake wengi wanamzidi mbio, lakini hakuna aliyeweza kumhamisha pale. Kamba za viatu vyake ni za njano, hivyo hata kutoka paani humpotezi.

Na msimu huu alikaribia kuukosa. Novemba 18, kule Salt Lake City, aligongwa mguu ukavunjika mfupa. Mechi 16 akatazama. Abiria wangu wote wakawa madaktari, kila mmoja na tarehe yake ya kupona. Alirudi Desemba 28 kule Toronto na siku hiyo hiyo akafunga.

Islanders wakaanza vizuri wakatangulia. Golini mwao alikuwa Ilya Sorokin, naye Mrusi, na mpwa wangu akaninong'oneza kwamba Ovechkin hajawahi kumfunga huyu hata mara moja. Makipa 182 kashawafunga, huyu bado.

Kipindi cha pili, Islanders wakatolewa mtu. Watu wote wakasimama, nami nikasimama, na mbele yangu akasimama baba mwenye mabega kama kabati. Nikaona kilichobaki kati ya bega lake na kichwa cha mkewe: kipande cha barafu, duara jekundu, kamba za njano. Basi. Mwenzake wa kumpasia, Tom Wilson, alikuwa upande wa pili, simwoni. Niliona tu kamba za njano zimetulia, zimetulia, halafu paki imeingia kwenye dirisha langu kutoka kulia na gongo limekwisha kushuka. Sikuiona ikienda. Niliona wavu umetikisika kwa kipa aliyekuwa bado anasogea.

Redio haikuwepo ya kuchelewa. Sauti ilikuwa ndani yetu.

Dakika saba na sekunde 26 za kipindi hicho, bao la 895. Jitu lile likakimbia hatua mbili tatu kisha likajitupa kifudifudi, likateleza kwa tumbo kama mtoto kwenye matope ya mvua ya kwanza. Wenzake wakamwaga benchi lote juu yake. Mpwa wangu, mtu wa Crosby, alikuwa ananikumbatia na kunipiga ngumi za mgongo kwa pamoja. Yule baba kabati akageuka, akanikumbatia na yeye. Bia yake iliishia kwenye kofia yangu. Nikaiweka begani ikauke.

Mechi ikasimamishwa. Zulia likatandikwa juu ya barafu, akaja Gretzky, akaja kamishna wa ligi Gary Bettman, mkewe Ovechkin na watoto wawili, na mama yake, Tatyana. Kutoka juu mama ni nukta nyeupe, lakini mwendo wake ni wa mchezaji bado, mgongo umenyooka. Gretzky akasema yeye anajua kwa mwili wake jinsi ilivyo kazi kufika mabao 894. Ovechkin akaongea Kiingereza chake kile cha kukatakata, kama changu. Akamshukuru Sorokin kwa kumruhusu afunge na kumwambia anampenda. Watu wakacheka, Sorokin naye. Mashabiki wa Islanders hawakutoka hata mmoja upande wetu. Walisimama wakapiga makofi muda wote, kwa mtu aliyewafunga kwa miaka ishirini.

Kijana akaniletea simu: Gretzky alicheza mechi 1,487. Leo ni mechi ya 1,487 ya Ovechkin. Nikamwambia ahakikishe. Akahakikisha mara mbili.

Mechi yenyewe ilipoendelea Washington walifungwa 4-1. Sikumbuki mabao mengine yalivyoingia. Nilikuwa namtazama Mikhail ambaye hayupo. Nilijiuliza kama alikuwa akimpeleka mtoto mazoezini kwa gari la kazi, na kama alizima mita.

Jumatatu, 7 Aprili. Kurudi

Treni ya alfajiri. Kijana kalala kuanzia Newark mpaka Baltimore, mdomo wazi. Katikati ya magoti yake kashika gongo la hoki alilolinunua kwa pesa zake za Idi. Nairobi anasema magongo ni ya kuazimana. Kondakta alilitazama, akatazama kofia yangu yenye harufu ya bia, akaniuliza kama tulikuwepo. Nikampa kichwa. Akatoboa hadithi yake: Juni 2018, usiku Washington walipotwaa Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, kwa mara ya kwanza, kule Las Vegas, yeye alikuwa kazini kwenye treni bila mtandao, akapata habari kwa honi za magari mjini.

Mimi usiku ule nilikwama Mtaa wa 7 saa mbili nzima. Watu walipanda juu ya boneti, wakanibusu kupitia dirishani, mmoja akanilipa dola ishirini bila kwenda popote. Siku mbili baadaye niliwapeleka wateja Georgetown, nao wakanionyesha video ya nahodha akiogelea kwenye chemchemi ya pale mtoni, kaptura na kila kitu. Kombe alilingoja misimu kumi na mitatu. Alipolipata alilala nalo kitandani.

Saa nne nilikuwa kijiweni Union Station. Kijana kagoma kwenda kulala nyumbani, kakaa siti ya mbele na gongo lake limepita katikati ya viti mpaka nyuma. Abiria wa kwanza alikuwa bwana wa suti, anakwenda Mtaa wa K. Akaingia, akaliona gongo, akalisogeza taratibu kama anasogeza mtoto wa mtu.

"Mliona jana?" akauliza.

Mpwa wangu akageuka mzima mzima kwenye siti. Nikawasha mita.